Kompyuta Iliyokula Mawe Manne

Mwaka 1983 maduka ya Radio Shack ya Marekani, ambayo watu waliyazoea kwa redio, nyaya na vipuri, yalianza kuuza kompyuta bapa yenye upana wa karatasi ya A4 na uzito usiofika kilo moja na nusu. Jina lake la dukani lilikuwa TRS-80 Model 100. Ilikuwa na kibodi kamili, skrini ya mistari minane, na chini yake mfuniko mdogo uliofunika mawe manne ya AA, yale yale ya tochi na redio za mkononi. Mawe hayo yakiwa mazuri, iliweza kufanya kazi kwa saa 20 hivi. Waliozunguka nayo duniani waliiita Tandy tu, kwa jina la kampuni iliyokuwa ikimiliki maduka hayo. Mimi nami niliijua kwa jina hilo. Miaka hiyo nilikuwa opareta wa simu katika hoteli moja ya katikati ya Nairobi, na mlio wake nilianza kuusikia kwenye laini kabla sijaiona kwa macho.

Wanaoandika historia ya kompyuta hupenda kuzipanga kwa kasi na kwa ukubwa wa kumbukumbu. Sisi wa swichibodi na mapokezi tulikuwa na kipimo chetu: mgeni mwenye mashine anaomba nini? Mmarekani aliyekuja na taipureta ya umeme aliomba transfoma, kwa sababu kwao umeme ni volti 120 na kwetu ni 240. Kisha aliomba plagi, maana yake ilikuwa na meno mawili bapa na soketi zetu zina matundu matatu ya Kiingereza. Kisha meza ihamishwe karibu na soketi. Mwenye Tandy aliomba laini ya nje, basi. Mawe yakimwishia, alimtuma kijana wa mizigo dukani.

Kwa kipimo hicho unaona kwamba nyingi kati ya kompyuta zilizoitwa za kubebeka kabla yake zilikuwa za kuhamishwa tu. Osborne 1, iliyotoka mwaka 1981 na kuuzwa dola 1,795, ilikuwa na ukubwa wa cherehani ya kusafiria na uzito wa kilo 11. Ilikuwa na mpini, kweli, na ungeweza kuiburuta hadi kwenye ndege. Lakini ukifika ulikoenda ilibidi utafute ukuta wenye umeme. GRiD Compass ya mwaka 1982, kazi ya mbunifu Mwingereza Bill Moggridge, ilikuwa ya kwanza kukunjwa kwa bawaba jinsi laptop za leo zinavyokunjwa. Ganda lake lilikuwa la magnesiamu na ilipanda hadi angani na vyombo vya NASA, ila bei yake ilipita dola 8,000 na nayo ilitegemea soketi.

Iliyotangulia kweli katika mambo ya betri ni Epson HX-20 ya Japani, iliyoonyeshwa mwaka 1981 na kuenea madukani mwaka uliofuata. Wengi huihesabu kuwa laptop ya kwanza. Ilikuwa na uzito wa kilo 1.6, betri za kuchaji zilizodumu saa 50 hivi, kinasa cha kaseti ndogo, na hata printa yake yenyewe iliyotoa karatasi nyembamba ya aina ile ya risiti. Printa si ajabu, maana Epson ilijengwa juu ya printa. Udhaifu wake ulikuwa skrini: mistari minne ya herufi 20 kila mmoja. Kwa mhasibu anayejumlisha bei hiyo inatosha. Kwa mtu anayeandika habari, sentensi moja ndefu inajaza skrini nzima na mwanzo wake umeshapotea juu.

Kazuhiko Nishi, Mjapani kijana aliyekuwa mshirika wa Microsoft nchini mwake, aliona skrini mpya ya LCD ya Hitachi iliyobeba mistari minane ya herufi 40, mara nne ya ile ya Epson. Aliona kwamba hapo sasa mtu anaweza kusoma aya yake. Inasimuliwa kwamba alikutana na Kazuo Inamori, mkuu wa kampuni ya Kyocera, ndani ya ndege, na mazungumzo ya safarini yakazaa mradi. Kyocera ikatengeneza, Microsoft ikaandika programu, na mashine ile ile ikauzwa kwa nguo tofauti: Tandy kule Marekani, NEC PC-8201 na Olivetti M10 ya Waitaliano, ambayo skrini yake iliinuka kidogo kumwelekea mwandishi. Bill Gates aliandika sehemu kubwa ya programu zake kwa mkono wake, akishirikiana na Junji Suzuki. Baadaye alieleza kwamba hiyo ndiyo bidhaa ya mwisho ya Microsoft ambayo yeye mwenyewe aliiandikia programu kwa kiasi hicho.

Programu zote hizo, yaani lugha ya BASIC, kiandikio, kitabu cha anwani, ratiba na programu ya kutuma kwa simu, zilikaa ndani ya kilobaiti 32 zilizochomwa moja kwa moja kwenye chipu. Hapo ndipo siri ya mawe manne ilipo. Hakukuwa na diski ya kuzungushwa na mota, na mota ndiyo mlafi mkubwa wa umeme. Skrini yake ya LCD haikuwa na taa, ilizuia tu au kupitisha mwanga wa chumba, kwa hiyo ilikula kidogo mno ikilinganishwa na kioo kizito cha runinga kilichokuwa ndani ya Osborne. Chipu yenyewe, 80C85, ilikuwa ya aina inayotumia umeme hasa pale inapobadilisha hali, ikitulia hailambi kitu. Nayo kumbukumbu ilikuwa ya aina hiyo hiyo: uliyoyaandika yalibaki mahali yalipoandikwa hata ukizima swichi, yakilindwa na betri ndogo ya ndani. Ukiiwasha, huingoji. Menyu inatokea papo hapo, faili zako zikiwa pale pale. Ukiisahau imewaka, baada ya dakika kumi inajizima yenyewe.

Kibodi haikubaniwa. Hili wenye nayo walilisifu kuliko lolote. Vitufe vilikuwa vya ukubwa kamili na vilishuka vizuri chini ya kidole, na mtu aliyezoea taipureta hakuhitaji kujifunza upya. Juu yake palikuwa na vitufe vidogo kutoka F1 hadi F8, kimoja cha kutafuta neno, kimoja cha kukata, kingine cha kurudi kwenye menyu. Sasa mwandishi aliyekaa kwenye ngazi za uwanja wa ndege aliweza kuihamisha aya ya tano ikawa ya kwanza bila kuchana karatasi.

Ni lazima msomaji kijana aelewe kompyuta ilikuwa nini kwetu wakati huo. Ilikuwa kitu cha chumba chenye kiyoyozi, mlango umefungwa, katika benki au wizara. Jirani zetu Tanzania walikuwa wamepiga marufuku uingizaji wa kompyuta tangu mwaka 1974, na aliyetaka kuingiza moja alihitaji kibali. Watu waliokuja na Tandy mkobani walikuwa hasa waandishi wa habari wa kigeni. Walikuja kila Pasaka kwa ajili ya mashindano ya magari ya Safari Rally, na Julai 1985 walimiminika kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa wa wanawake uliofanyika katika jengo la mikutano la KICC, huku jukwaa la mashirika likiendelea Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kabla ya hapo, habari ilitoka hotelini kwa njia mbili. Ya kwanza ni teleksi. Mwandishi alileta karatasi yake kwa mwenzetu wa chumba cha nyuma, naye akaipiga upya yote kwenye mashine, ikatoboa utepe wa karatasi, kisha utepe ukapitishwa laini ilipopatikana. Teleksi ilikwenda kwa maneno 66 hivi kwa dakika, kwa hiyo makala ya maneno elfu moja ilikaa kwenye laini kwa robo saa, mbali na muda wa kuipiga na wa kungoja foleni. Njia ya pili ni kusoma kwa imla. Mwandishi aliingia kwenye kibanda cha simu pale ukumbini, akaitiwa London au New York, na upande wa pili mtu amevaa spika masikioni akipiga chapa anachosikia. Sisi tuliwasikia wakipiga kelele kupitia mlango. Majina ya Kiingereza yalipita. Ya kwetu yalitajwa herufi moja moja, yakarudiwa, na bado siku chache baadaye gazeti lilipofika kwenye kaunta tulicheka: Kakamega imekuwa kitu kingine, na waziri amepewa ukoo usio wake.

Tandy ilitumia modemu iliyokuwa ndani yake, yaani kifaa cha kugeuza herufi kuwa milio ya simu. Kwenye ubavu wa kushoto kulikuwa na swichi ndogo ya kuchagua: ama uiunge mashine moja kwa moja kwenye waya wa simu, ama utumie vikombe viwili vya mpira ambavyo mkonga wa simu ulilazwa ndani yake, kimoja kwenye sikio na kingine kwenye mdomo. Mikonga ya simu zetu za vyumbani ilikuwa na ncha zote mbili za mviringo, basi vikombe viliingia sawasawa. Mimi niliita namba, upande wa pili ukajibu kwa filimbi nyembamba isiyokatika, mgeni akalaza mkonga, na filimbi ya pili ikaanza juu ya ya kwanza. Kasi ilikuwa herufi 30 kwa sekunde. Maneno elfu moja yaliondoka Nairobi kwa dakika tatu na ushee, yakaingia moja kwa moja kwenye kompyuta ya gazeti bila mtu wa kuyapiga upya. Jina alilolipata mwandishi kwa usahihi lilifika kwa usahihi.

Kulikuwa na sharti moja, nalo lilituhusu sisi. Opareta wa zamani alikuwa na desturi ya kuingia kwenye laini baada ya muda kuuliza, "Bado mnaongea?" Binadamu wawili wakisikia mlio wa opareta wananyamaza kidogo na kuendelea. Tandy haikujua kunyamaza, na haikuwa na njia ya kukagua kama kilichotumwa ndicho kilichofika. Kila mkwaruzo kwenye laini uligeuka kuwa herufi za ajabu katikati ya habari, na sauti ya opareta ilikuwa mkwaruzo mkubwa kuliko yote. Msimamizi wetu, Bi. Mkubwa wa zamu ya usiku, alitafuta karatasi nyekundu akakata vipande. Laini ya Tandy ikipita, kipande kiliwekwa juu ya tundu lake kwenye ubao wa swichibodi. Hapo hakuna aliyeingia hata simu ingekaa hadi asubuhi.

Usiku mmoja wa mkutano ule wa wanawake stima ilipotea mtaa mzima. Jenereta ilichukua muda kuwaka, na ukumbi ukajaa sauti za watu wakiulizana. Wenye taipureta za umeme waliinua mikono. Chumba cha teleksi kilikufa. Mwandishi mmoja wa makamo, aliyekuwa amekaa karibu na kaunta na Tandy yake magotini, alisimama akaja kuomba mshumaa, kwa sababu skrini ile isiyo na taa haikusomeka gizani. Tukampa na kisahani. Akaandika hadi mwisho, akaja tena: "Simu inafanya kazi?" Ilikuwa inafanya kazi. Ubao wetu ulikuwa na betri zake, na kituo cha simu cha mjini kilikuwa na safu ya betri zake kubwa ambazo ndizo hasa zilizolisha waya wa simu, umeme uwepo usiwepo. Nikamwitia namba yake. Habari ilitoka kwenye mawe manne, ikapita kwenye betri za hoteli, ikapokewa na betri za kituo, na ikafika Marekani huku sisi bado tunapapasa ngazi kwa tochi.

Hilo ndilo ninalolitaja kila ninaposikia watu wakibishana ni kompyuta ipi iliyoanza. Mashine hii haikuwa ya kwanza kubebeka, wala haikuwa yenye nguvu. Ilichofanya ni kuunganisha kazi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kuandika hadi kufikisha, bila kumtegemea mwenye jengo. Uwezo wake wote ulipimwa upya kwa swali la mtu aliye njiani: nikiwa sina soketi, naweza kumaliza?

Faida hiyo ililipiwa na watu. Mwenzetu wa teleksi aliona foleni yake ikipungua msimu baada ya msimu, na baadaye akahamishiwa mapokezi. Kule London na New York waliokuwa wakipokea imla, wengi wao wapiga chapa hodari ambao walikuwa pia wa kwanza kumwambia mwandishi kwamba sentensi yake haieleweki, nao walianza kukosa kazi. Mwandishi alibaki peke yake na maneno yake. Makosa yaliyokuwa ya masikio ya mtu mwingine sasa yalikuwa ya vidole vyake.

Mashine yenyewe ilizeeka haraka. Mwaka 1984 ilitoka Model 200 yenye skrini ya kuinuka na mistari 16, na mwaka 1986 Model 102, nyembamba zaidi. Lakini Toshiba ilikuwa imeshaonyesha, kwa T1100 ya mwaka 1985, kwamba laptop ya betri inaweza kuendesha programu zile zile za kompyuta ya ofisini, na soko likafuata huko. Ziliongezwa diski, kisha taa ya skrini, kisha rangi, na kila nyongeza ilitaka chakula chake. Mwaka 1989 Apple ilitoa Macintosh Portable yenye betri ya asidi, aina ya ukoo wa betri za magari, na uzito wake ulikuwa kilo saba. Walioendelea kuamini mawe manne walikuwa wachache. Clive Sinclair wa Uingereza alitoa Z88 mwishoni mwa miaka ya 1980, chini ya kilo moja, mistari minane, mawe manne ya AA. Ilipendwa na waandishi na wasafiri, kisha nayo ikapita.

Tandy niliyonayo niliachiwa na mwandishi aliyekuwa akihama kikazi. Ilikaa kabatini miaka mingi, na nilipoitoa haikuwaka hata kwa mawe mapya. Nikaipeleka mtaa wa Luthuli Avenue kwa kijana anayetengeneza redio na vikuza sauti. Akaigeuza, akaitazama, akasema, "Mama, hii mashine ya risiti imeoza." Akafungua skrubu nne za chini. Ndani, pembeni mwa ubao, ile betri ndogo ya kulinda kumbukumbu ilikuwa imevuja na kuota ukungu wa kijani kibichi uliotambaa hadi kwenye njia za shaba. Hili ndilo gonjwa la karibu kila Tandy iliyobaki duniani. Aliikata, akasugua ukungu kwa mswaki uliochovywa kwenye siki, maana siki huua ile alkali ya betri, akaunganisha upya njia moja iliyolika kwa unywele wa waya, akaweka betri mpya. Tukatia mawe manne.

Menyu ilitokea mara moja: BASIC, TEXT, TELCOM, ADDRSS, SCHEDL, na chini kabisa hesabu ya nafasi iliyobaki, herufi 29,638. Juu iliandika tarehe 1 Januari 1900. Nilipoirekebisha ilikubali siku na mwezi, lakini mwaka huupachika 19 mbele daima, kwa sababu waliochoma ile chipu hawakutarajia mtu aiwashe karne nyingine. Kijana alizungusha kigurudumu cha kukoleza herufi, akaandika jina lake, akazima, akawasha, akalikuta. "Haina hata loading," akasema, akaanza kuniuliza inauzwa ngapi.

Haiuzwi. Lakini somo lake natoa bure kwa anayekwenda kununua mashine mpya. Muuzaji atakutajia kasi na ukubwa wa kumbukumbu, kwa kuwa ndivyo vilivyoandikwa kwenye boksi. Wewe muulize mambo matatu. Itakaa saa ngapi bila soketi, nikiwa nafanya kazi yangu mimi, si ile ya tangazo? Betri ikichoka naibadilisha mwenyewe, au ni lazima niipeleke mashine nzima kwa fundi? Na mtandao ukikatika, kazi yangu inabaki mkononi mwangu au imefungiwa kwa mtu mwingine mbali? Mashine ya mwaka 1983 ilikuwa na majibu mazuri kwa yote matatu. Laptop nyingi za leo, zenye kasi isiyolinganishika nayo, zinajibu moja tu, na simu zetu nyingi zimezibwa mgongo kabisa ili tusiulize la pili. Anayeishi mahali ambapo stima hupotea hana sababu ya kuona haya kuuliza.